Majani ya Mpera Katika Sanduku la Harusi

Saada mwanangu, mama yangu,

Uko chumba cha pili, mikono na miguu imepakwa hina, na wageni wetu wa Nyamwage, wakwe zako, wamekuzunguka wanakuimbia. Nakisikia kicheko chako kutoka hapa nilipo. Nimekalia mbuzi ya kukunia nazi, maana viti vyote vimechukuliwa na wageni. Jua halijazama bado. Wao wanadhani nimekuja jikoni kutafuta ungo, kumbe nimejificha nikuandikie. Mwandiko wangu unaujua ulivyo, kwa hiyo soma taratibu, na usimpe bwana harusi wako, Shabani, akusomee, angalau si mara ya kwanza.

Ya kupika, ya kufua, ya kumwitikia mume na kumwamkia mkwe, hayo siyataji. Somo yako, kungwi wako, amekufundisha mpaka umechoka, na mengine amekufundisha mlango ukiwa umefungwa, mie sitaki hata kuyajua. Nina jambo moja tu. Jana nilipokuwa nakupangia sanduku la harusi nilikuta kopo.

Lilikuwa limebanwa kati ya liwa na udi. Mtu mwingine angedhani unga uliomo ni msio wa kusugulia mwili. Lakini mimi nimezeeka nikipika rangi za ukindu wa mikeka, na unga wowote unaotokana na mti siupiti hivi hivi. Nililowesha kidole, nikachovya, nikapaka kiganjani. Ukatoka ukijani ulioingia kahawia. Nikalamba, ulimi ukakauka kwa ule ukakasi. Majani ya mpera, yamekaushwa kivulini vizuri, yakatwangwa, yakachekechwa. Kazi safi, nilijua ni ya mkono wako. Halafu nikatafuta vidonge vyako vya kisukari sandukuni, sikuviona. Niliviona chini ya vitabu vyako vya chuo, pakiti nzima, vitabu ambavyo umesema vibaki hapa Maparoni.

Ulipoingia ukanikuta nimeshika pakiti mkono mmoja na kopo mkono wa pili, hukukana. Hilo nakushukuru. Ukafunga mlango ukaniambia, "Mama, fungate nzima nimo ndani, naletewa sinia, wananiangalia ninavyotafuna. Nitamezaje vidonge mbele yao? Watasema wameozeshwa mgonjwa." Nikakuuliza kama Shabani anajua. Ukatazama chini. Kisha ukainua uso, ukaanza kuniongelesha kama unavyowaongelesha wanafunzi wako: haya majani si uganga, Mama, yana flavonoidi.

Neno hilo si geni kwangu, wewe ndiye uliyenifundisha. Ulikuwa ndiyo kwanza umemaliza mwaka wa kwanza chuoni, umekaa nami kwenye sufuria la rangi, ukaniambia kwamba mmea unajitengenezea vitu hivyo ndani yake, vinaukinga na jua kali na wadudu, na kwamba rangi nyingi za maua na matunda zinatokana navyo. Ukaniambia vimo katika kitunguu, katika mchicha, katika majani ya mpera, hata katika magome ya mkoko ninayopikia ukindu. Na ukasema wataalamu wanavichunguza, maana vinaonekana kupunguza kasi ya wanga kugeuka sukari tumboni, na pengine kuusaidia mwili kuitumia hiyo sukari. Nilifurahi siku ile! Nilijiona nami nimo katika elimu, na sufuria langu jeusi. Lakini hukuishia hapo. Uliniambia mengi ya hayo yameonekana kwa panya na kwenye vichupa vya maabara, na kwa watu bado yanajulikana kidogo. Jana kipande hicho cha mwisho ulikiruka. Sikukukumbusha, kwa sababu nilikuona machozi yanakulengalenga, na mtu anayeogopa habishaniwi.

Naijua hofu yako, mwanangu. Uliambiwa una kisukari mwaka jana, ukiwa mchumba wa mtu, ukiwa bado na sura ya utoto. Sisi wenyewe tulidhani ni ugonjwa wa watu wazima wenye matumbo. Na nyumba unayokwenda ni nyumba ya vitumbua. Mama mkwe wako ameisomesha nyumba nzima kwa vitumbua, magari ya Lindi yanasimama kwa ajili yake. Bi harusi ataanzaje kuvisukuma pembeni? Ningekuwa mimi, na umri wako, ningefanya vilevile ulivyofanya. Nasema hivyo kwa sababu nilishafanya, na kisa chenyewe unakijua, sote hapa tunakijua, baba yako hukisimulia mpaka misibani. Ila anakisimulia cha kuchekesha. Nataka leo ukisikie kwangu.

Ulikuwa kidato cha pili. Baba yako alikuwa ameambiwa kliniki ana sukari, akapewa vidonge. Mie sikuvitaka. Bibi yako aliwachemshia watu magome ya mkoko kwa ugonjwa wa mkojo mwingi, na walikuwa wakija kushukuru. Nikamchemshia baba yako. Alipokwenda kupima tena sukari ilikuwa imeshuka, na mimi, Mungu anisamehe, nilitangaza dawa yangu kisimani, nikatangaza shambani, nikatangaza kwenye mikeka. Wanawake wakaanza kunijia na chupa. Nilipenda kusifiwa, Saada. Miaka yote nilikuwa mke wa fulani anayesuka mikeka, ghafla nikawa mtu wa kuulizwa mambo.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba baba yako vidonge alikuwa anavimeza. Alivificha kwenye mfuko wa koti lake la mvua, akivimeza nyuma ya nyumba, kwa sababu hakutaka kunivunjia sifa yangu mbele za watu. Kliniki wakamwambia gome aache, wala wasingependa afunge Ramadhani bila kuwaona kwanza. Akaniambia mimi la gome tu, la kufunga akalimeza. Nikamwambia sawa, basi tuache. Sikuacha. Nilianza kumtilia kwenye kahawa, kahawa ni nyeusi na chungu, inaficha kila kitu. Kwa hiyo nyumba ile ile, kila mmoja alikuwa anamficha mwenzake dawa, na kila mmoja akiamini anafanya hivyo kwa mapenzi.

Ramadhani mwaka ule iliangukia wakati mpunga unaiva. Tulikuwa tumehamia shamba, tunalala kwenye dungu, kile kichanja cha kulindia mpunga, mchana tunapiga kelele ndege wasishuke. Siku ile daku nilimpa kahawa nzito. Naye alishameza kidonge chake gizani. Akashinda juani na njaa. Baada ya alasiri akaanza kutukana ndege matusi ambayo hukuwahi kumsikia nayo kabla. Nilicheka. Kisha nikamwona anatokwa jasho, shati limelowa chepe, anatetemeka, ananiita kwa jina la dada yake marehemu. Majirani wakaja, mmoja akasema huyu amepandwa na shetani, aitwe fundi wa kupunga. Akaanguka palepale, macho yamegeuka.

Mama Neema ndiye aliyetufikia, yule nesi wa bara aliyekuwa amepanga kwa Mzee Seif na alikuwa amekuja kununua mchele. Akamgusa shingo, akauliza, "Huyu si ndiye mwenye sukari?" Nikasema ndiye. Akatia maji kidogo kwenye sukari aliyopewa na majirani, akataka kumpaka ndani ya shavu. Nikamdaka mkono.

"Unataka kumuua? Mume wangu ana sukari, weye unampa sukari tena?"

"Mama Saada, sukari yake imeshuka mno. Niachie mkono."

"Na amefunga!"

"Niachie, mama."

Sikumwachia. Hapo ndipo baba yako anapowachekesha watu, anaigiza ninavyong'ang'ania. Yeye hakuona, alikuwa amezimia. Mimi niliona midomo yake inavyobadilika rangi, na bado sikuuachia mkono wa mtu aliyekuja kumwokoa, kwa sababu nilikuwa na hakika. Sijawahi kuwa na hakika ya jambo maishani mwangu kama nilivyokuwa nayo siku ile. Mama Neema, yule mwanamke mpole asiyepandisha sauti, alinisukuma nikakaa matopeni, akampaka mume wa mtu sukari kwenye fizi, akapaka tena, huku akimlaza ubavu. Tukasubiri. Wewe ulikuwa umesimama na kanga yangu mdomoni.

Alipofumbua macho, akalamba meno, akauliza, "Magharibi imeshaingia?" Watu wakaangua kicheko na kilio pamoja. Ndiyo maana kisa kinachekesha. Lakini mimi usiku ule nilikaa nikimsikiliza anavyopumua, na kila nikifumba macho nilikuwa naushika tena ule mkono.

Kliniki tulikwenda wote wawili, kila mmoja na siri yake mkononi, tukazitoa mbele ya daktari kama watoto walioiba maembe. Nilitegemea kufokewa. Daktari aliniuliza swali moja la kawaida kabisa: gome naweka kiasi gani? Nikamjibu, naweka mpaka ikolee. Akauliza kukolea ni kiasi gani, mama, nisaidie niandike. Nikaanza kumpimia kwa viganja, nikaona nadanganya. Maana hata rangi, kazi yangu ya tangu usichana, sipati inayofanana sufuria mbili. Gome la mti mzee linakoza, la mti mchanga linapauka, lililonyeshewa limeshapoteza nusu. Ndiyo sababu ukindu wa mkeka mmoja naupika wote siku moja. Nimelijua hilo maisha yangu yote na sikuwahi kulipeleka kwenye kikombe cha kahawa cha mume wangu. Daktari ndiye aliyenipeleka. Akaniambia vizuri tu kwamba hajui kama gome langu linafanya kazi au halifanyi. Kama halifanyi, basi namnywesha mtu maji machungu bure. Kama linafanya, basi kidonge cha kushusha sukari pamoja na gome lisilojulikana nguvu yake, juu ya tumbo lenye njaa, ndiyo yale tuliyoyaona shambani. Vyovyote iwavyo yeye alihitaji kuambiwa.

Kwa hiyo, mwanangu, sikuandikii kuyatukana majani. Siwezi. Pengine siku moja wewe na wenzako mliosoma mtatwambia kilichomo kwenye mpera na kwenye mkoko, kinapimwaje, anapewa nani, nami kama ningali hai nitatembea kifua mbele kijiji kizima. Na vitunguu na mchicha na kunde vilevile sivitukani. Baba yako anavyokula siku hizi unamwona, wali wake unaenea kwenye kisahani na mboga ndiyo sinia, na chai yake ya majani ya mpera anakunywa, hafifu, ya kinywaji. Ila daktari wake anajua. Kila akipimwa, anapimwa na mtu anayejua. Ramadhani hafungi, anatoa fidia kwa kulisha maskini, na akiulizwa msikitini anasema mimi mgonjwa. Ilimchukua muda mrefu kulitamka neno hilo. Mwanzoni alikuwa akisema "siko sawa kidogo."

Kopo lako silo linalonitisha. Linalonitisha ni mahali ulipoliweka, na kile ulichoacha chini ya vitabu ili lipate nafasi. Naogopa siku utakayoanguka mbele ya watu wanaokupenda, halafu watu hao hao, kwa mapenzi yao yote na kwa kutojua, wakudake mkono wa anayekuja kukuokoa. Shabani ni kijana mwema. Lakini hata mimi nilikuwa mke mwema. Wema wangu haukumsaidia baba yako chochote siku ile, kwa sababu nusu ya habari zake nilikuwa sinazo.

Sitakwambia uwaambie. Nimejaribu kuandika mstari huo mara kadhaa nikaufuta, utaona hapo juu palipochafuka. Mwili ni wako, ndoa ni yako, na mimi sitakuwepo Nyamwage kubeba maneno yao. Inawezekana kweli wakanuna. Inawezekana mama mkwe akasema alidanganywa. Siwezi kukuahidi kwamba hatasema. Najua tu kwamba ukianza kuficha unakuwa na kazi mbili, kuuguza ugonjwa na kuilinda siri, na hiyo ya pili ndiyo inayochosha zaidi. Baba yako alinenepa kidogo alipoacha kwenda nyuma ya nyumba.

Chakula kimeiva, wanaita. Ni wakati wa kidonge chako cha jioni, na mikono yako ina hina mbichi, hata kijiko huwezi kushika. Nimekupakulia wali kidogo, kunde, samaki wa kuchoma na mchicha. Kidonge nimekifunga kwenye pindo la kanga. Nitakuja nikulishe mbele yao, nikifika mwisho nitafungua pindo na nitakutazama. Ukitikisa kichwa nitafunga tena, nitasema nilikuwa natafuta pini. Sitakuaibisha. Ngoja nije.

Nimerudi, naandika upesi, usione herufi zinalala.

Wewe ulikuwepo, lakini nataka uione kutoka upande wangu. Nilikulisha, ukala vizuri. Nilipofungua pindo hukutikisa kichwa, wala hukuitika. Na kabla hujaamua, wifi yako Zuhura akakiona kiganjani kwangu.

"He, bi harusi anaumwa?"

Nyimbo zikakatika. Somo yako akatazama darini. Na mimi, Saada, mimi mama yako niliyejaza karatasi zote hizi, nikafungua kinywa nikasema, "Kichwa tu, mama, kinamgonga kwa kelele zenu."

Lilitoka lenyewe. Sikulifikiria, lilikuwa limekaa tayari mdomoni, na hata kicheko nililitilia. Wakaanza kucheka, mambo yakawa yanapita. Ungenyamaza, yangepita.

Ukameza tonge lako ukasema, "Si kichwa. Nina kisukari, wifi. Nameza kila siku."

Hukupandisha sauti. Zuhura akauliza tangu lini, ukamwambia tangu mwaka jana. Akauliza kama kaka yake anajua. Ukasema, "Hajui. Nitamwambia mwenyewe kesho, kabla ya kitu chochote. Nakuomba usinitangulie." Akakusanya kanga yake, nikadhani atanyanyuka aondoke. Kisha akanigeukia mimi, na uso wake siusomi bado, akasema, "Sasa mama kule ameshaloweka mchele wa vitumbua ndoo nzima. Nani atavila?" Mmoja akacheka, mwingine akamfinya. Wewe ukanigeukia ukafungua kinywa, ukangoja, kama ulivyokuwa ukingoja nikikupa dawa ya homa ulipokuwa mdogo. Nikakuwekea.

Sijui yatakuwaje. Zuhura sasa hivi yuko uani na simu sikioni, namwona mgongo. Pengine anampigia Shabani, pengine anamwambia mama yake apunguze sukari, pengine anasema mengine. Nimetamani nitoke nikamsikilize, nimejizuia. Hilo sasa ni la kwenu.

Kopo nimelirudisha sandukuni palepale ulipoliweka, na vidonge nimeviweka juu yake. Ukifika, kliniki ya karibu nenda na vyote viwili, uwaonyeshe. Kesho boti la Nyamisati linaondoka na maji ya asubuhi, na kwa mila yetu mimi sitakusindikiza, nitabaki nifagie.

Barua hii huihitaji tena, nimeliona hilo mwenyewe. Ichukue hivyo hivyo. Mimi ndiye niliyekuwa naiandika nikidhani najua, halafu pale ndani nikaongopa mbele yako bila hata kupepesa jicho, na wewe ukanisahihisha mbele za watu. Kwa hiyo ninalo ombi moja, na hilo ndilo nililobaki nalo. Nikikupigia simu kutoka huku, nikakwambia baba yako hajambo, nami sijambo, nyumbani sote wazima, usiridhike, mwanangu. Niulize mara ya pili.

Mama yako